Alama za Kyalo Kule Matuu

Baba yangu,

Sitakuuliza habari za huko uliko. Kama kuna kwaya, najua umeshawaambia sauti ya tatu iko chini. Nakuandikia kwa sababu Jumamosi tulipokuzika kulitokea jambo ambalo wewe tu ungelihukumu sawasawa, na ili nilieleze vizuri lazima nianzie Matuu.

Wewe ulikuwa jaji kabla hujateuliwa na mtu. Miaka yote uliyofundisha kwaya kanisani, hatukuwahi kumaliza wimbo mbele yako bila wewe kusonya. Mtu akiimba vibaya redioni, ulisonya. Jogoo wa jirani akiwika ovyo, ulisonya. Mama alikuwa akisema ulimwoa kwa sababu siku ya kwanza alikaa kimya.

Halafu nikamleta Kyalo. Alikuwa anashona suruali kwenye kiwanda cha EPZ kule Athi River, na jioni yeye na wenzake wa kiwandani walikuwa na bendi yao. Ulimwangalia kuanzia viatu mpaka kichwa.

"Unapiga nini?"

"Gitaa, mzee."

"Tutasikia."

Watu wa kwao walikuwa tayari kuleta mbuzi wa ntheo, na wewe mwenyewe ndiwe uliyenifundisha kwamba bila mbuzi hao hakuna ndoa, hata mkifunga kanisani mara mbili. Lakini ukamwambia mama, "Mbuzi zikae huko kwao kwanza. Mimi nataka kusikia huyo mtu." Nilikuwa nimempenda, Baba. Nilikonda nikisubiri. Na kama mkosi, wiki hiyohiyo ukaitwa uwe jaji wa tamasha la bendi Matuu, na bendi ya Kyalo ilikuwa imeshajiandikisha.

Matuu ni mahali pa kuombewa mvua. Siku hiyo maombi ya miaka yote yalijibiwa kwa pamoja. Uwanja ulikuwa ule wa mnada wa ng'ombe, kwa hiyo usiniulize tope lile lilikuwa na nini ndani yake. Jukwaa lilikuwa lori lililofunguliwa pande, na nyinyi majaji mlikaa mezani chini ya turubai lililokuwa likijaa maji na kuwamwagikia. Ulikataa gambuti. Ulisema jaji havai gambuti. Viatu vyako vya kwaya vikazama mpaka soksi. Mimi nilisimama nyuma yako na mwavuli, nikisali.

Wa kwanza walikuwa wazee kutoka Kivaa, magitaa mawili na sauti moja yenye mkwaruzo. Walipoanza, watu waliacha viatu vyao kwenye tope wakacheza bila. Hukusonya, ila goti lako lilitikisika, nami nikajua hizo ni alama nyingi. Kisha wakaja vijana waliovaa miwani ya jua kwenye mvua. Walicheza vizuri sana, mpaka mwimbaji wao akateleza akaanguka chali, mdomo umefungwa, na wimbo ukaendelea kuimbwa. Ukaweka kalamu chini.

"Sasa hapo nipee nani alama? Kaseti?"

Waliofuata walikuwa akina mama wa kilumi, ngoma yetu ya Kikamba. Ngozi za ngoma zao zilikuwa zimelowa na kulegea. Wakipiga, unasikia kama mtu anakung'uta godoro. Ngoma ya aina ile lazima ipashwe moto ndipo ilie, na uwanja mzima hapakuwa na kijiti kikavu. Mshereheshaji akatangaza kwamba wasipopanda sasa hivi wataondolewa. Kiongozi wao akawa anazunguka akiuliza, "Hakuna hata kuni? Kweli hakuna mtu ako na kuni?"

Ndipo nikamwona Kyalo. Alilitoa gitaa lake kwenye sanduku la mbao, sanduku alilojitengenezea kwa mikono yake, akalipasua lile sanduku kwa mguu. Akazibeba mbao mpaka kwenye kibanda cha mabati kando ya uwanja, akawawashia moto. Gitaa akalificha ndani ya shati. Akina mama wakapasha ngoma zao, wakapanda, na Baba, hata polisi waliokuja kulinda tamasha walicheza.

Bendi ya Kyalo ilipanda mwisho. Gitaa lilikuwa limelowa, nyuzi hazishiki, spika zinakwaruza, na kwenye ubeti wa pili akaingia mapema, kabla ya mwimbaji. Ulisonya kwa nguvu hata nikakusikia juu ya mvua.

Akina mama walipewa ndume, yule fahali wa zawadi ya kwanza. Kyalo na wenzake wakawa wa pili kutoka mwisho, wakiwashinda wale wa kaseti tu. Uliyasoma matokeo wewe mwenyewe kwa ile sauti yako ya matangazo ya kanisani, na hukuniangalia hata kidogo. Tulitembea kuelekea barabarani, wewe viatu mkononi, mimi nikilia waziwazi. Tulipofika kwenye lami ukasimama.

"Mwaitu," ukaniita, yaani mama, maana nilipewa jina la mama yako. "Huyo kijana yako anapiga gitaa kama mtu anatafuta funguo kwa giza."

"Baba, gitaa ililowa! Sanduku alichomea wale wamama."

"Niliona. Si niko na macho? Lakini hata ingekuwa kavu, hapo kwa ubeti ya pili angeingia tu mapema. Huyo hajui kungoja." Ukagonganisha viatu kutoa tope. "Karatasi walinipea ilikuwa ya kupima muziki. Ya kupima sanduku hawakunipea."

Nikakusogezea mwavuli.

"Ambia wao walete mbuzi. Gitaa wawache."

Mbuzi walikuja, na gitaa likaja pia. Miaka yote iliyofuata Kyalo alikuwa akipiga barazani kwako, nawe ukisonya, na hukuwahi kuinuka kitini kabla hajamaliza.

Sasa nifike Jumamosi. Kwaya yako ilikuwepo, imesimama vizuri, sauti ya tatu iko chini kidogo. Kyalo akaomba akupigie ule wimbo wa Matuu. Akafika ubeti wa pili, na Baba, akaingia mapema. Palepale. Nikageuka kukutafuta. Watu wote walikuwa wameinamisha vichwa kwa adabu ya msiba, na hakuna aliyesonya. Hapo ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza tangu utuache.

Kisha nikasonya mimi. Kwa nguvu, mbele ya pasta. Mama akanifinya mkono. Kyalo akainua macho, akacheka huku machozi yanamtoka, akarudi mwanzo wa ubeti, na safari hii akangoja.

Pumzika, Baba. Kusonya niachie mimi.

Mwaitu wako,
Syombua