Nilisema Pako Sawa

Isaka,
Jumapili.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute unapumua vizuri, na Mama na Noela wakiwa wazima. Ng'ombe waliobaki wanapata maji? Mimi sijambo, ni vumbi la malori tu na kelele za treni. Barua nimempa dereva Luka akukabidhi mkononi. Tafadhali isome peke yako kwanza, ndipo uamue kama Mama aisikie. Sikupiga simu kwa sababu nikiisikia sauti yako nitashindwa kusema.

Najua unachosubiri. Pamba ilipokauka ulisema kwamba nikipata ile kazi ya kutengeneza programu za kompyuta, utabaki nyumbani Songwa. Nikiikosa, utakwenda Geita kwa Baba mdogo Mwigulu, ushuke tena kwenye shimo la duara lake kuchimba dhahabu kama ujanani, ingawa kifua chako mimi na wewe tunakijua. Basi nikueleze yalivyokuwa.

Siku ya kuondoka kwenda kwenye usaili, Zamoyoni, karani mwenzangu wa makontena, alinitania mbele ya watu. Alisema mtu anayewanong'oneza madereva kama vile wamelala atawezaje kuongea na wasaili. Akanisihi angalau jina langu nilitaje kwa sauti. Walicheka, nami nikacheka.

Mtihani wa kwanza, wa kuandika programu kwenye kompyuta, niliufanya vizuri. Dada Mwaisha, mmoja wa wasaili, alisema kazi yangu ni safi, na hapo nikaanza kukuona umekaa nyumbani na redio yako. Kisha akaingia mzee mwenye mvi, Mzee Ahmad, mkuu wa mafundi wao. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa upole, akaniuliza natoka kwa nani. Nilipomtajia ukoo wetu alifurahi, akasema kumbe nimelelewa.

Akachora ubaoni programu ya kuhesabu watu mgodini. Kila mchimbaji anagusisha kadi yake kwenye mashine anaposhuka, na anaigusisha tena anapopanda. Anayeshuka anaongezwa, anayepanda anapunguzwa. Hesabu ikifika sifuri, mashine inatoa ruhusa ya kulipua mwamba. Alipomaliza akaniuliza, binti, hapa pako sawa?

Baba, hapakuwa sawa. Nililiona kosa kabla hajaweka kalamu chini. Mtu mmoja akigusisha kadi mara mbili wakati wa kutoka, pengine kwa sababu mashine imechelewa kuitika, atapunguzwa mara mbili. Hesabu itasoma sifuri huku mwenzake bado yuko chini. Maneno yalifika mdomoni. Lakini alikuwa mzee, amesimama mbele ya vijana wake, na mimi sijawahi kumwambia mzee kwamba amekosea. Nikajibu kwamba pako sawa, mzee. Akauliza tena. Nikasema sawa kabisa. Dada Mwaisha akaniangalia kama anayetaka kunisukuma, akauliza kama nina hakika. Nikamjibu kuwa wazee ndio wanaoijua kazi hii.

Mzee Ahmad alikaa. Hakunikaripia. Aliniuliza taratibu kama kosa nililiona. Nikasema nililiona. Akauliza kwa nini sikulitaja, nikamwambia ni kwa sababu yeye ni mkubwa wangu. Akasema kosa lile aliliweka makusudi, na kwamba adabu yangu ameipenda, ila mtu bado yuko chini.

Sikupata kazi, Baba. Walinijulisha Alhamisi.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nakufikiria wewe, siyo wao. Nilikumbuka pale zizini, ulipokohoa na kunionyesha damu kwenye kitambaa. Uliniita mayu, kana kwamba mimi ni mama yako, ndivyo unavyoniita ukiwa na jambo zito, ukasema nisimwambie mtu yeyote, utashuka hivyo hivyo, Mungu yupo. Nami nikasema sawa, Baba.

Sasa nakuambia nililolifanya. Jana nilimpigia simu Baba mdogo Mwigulu. Alianza na utani wake, akauliza kama nimepata mchumba nataka dhahabu ya pete. Nikamwambia habari ya damu. Nilimwambia yote. Akaacha utani. Kisha akasema kaka yake hatashika kamba ya duara lake, hata kama wamenyonya ziwa moja, na kwamba atawaambia na wenye maduara wa jirani. Kwa hiyo hata ukipanda basi ukafika, hakuna atakayekushusha.

Siri yako nimeitoa bila ruhusa yako, nikakupitia nyuma kwa mdogo wako. Kazi nyingine nitaendelea kuomba, na ukarani ninao bado. Jumatano nimeomba ruhusa kazini, nitakuja nikupeleke hospitali Shinyanga.

Nisalimie Mama, umwambie Noela asiache kusoma. Naye Zamoyoni anakusalimu, hajui lolote. Nikifika unaweza kukataa kuniitikia, na nitakuwa nimestahili. Lakini kuhusu kushuka, Baba, jibu langu ni hapana. Neno hili sijawahi kukutamkia tangu nizaliwe. Hapana.

Binti yako akuheshimuye,
Juliana