Kabla Yoshua Hajapiga Magoti

Walikale

Mdogo wangu Simeoni,

Nakusalimu wewe na wote walio chini ya paa lako. Natumaini goti lako limepoa, na kwamba mvua haikuozesha maharage kama msimu uliopita. Mimi ningali hai. Tumbo limejaa maji, miguu imevimba, na binti yangu Esta ndiye anayenigeuza kitandani. Naandika nikiegemea mto, mistari michache, kisha napumzika. Uvumilie mwandiko huu. Ulinijua nilipokuwa mwalimu mkuu, nikiitwa Direkta, na mkono wangu ulikuwa mzuri ubaoni.

Simeoni, nimekuficha jambo. Ng'ombe wetu waliokatwa miguu kule Nyamitaba, Bihogo, Gaju na wenzao, hawakukatwa na jirani yetu Matayo. Niliwakata mimi. Matayo aliuawa na vijana wetu, nawe ukiwa mbele yao, kwa kosa lililofanywa na mkono wangu.

Keti kwanza, halafu endelea kusoma.

Juzi ulipopiga simu, sauti yako ilikuwa ya furaha. Ulisema Yoshua, mtoto wa Matayo, amerudi kutoka kambi ya wakimbizi upande wa Sake na anaomba shamba la baba yake. Ulisema: "Kaka, hii mambo iko inaisha sasa. Tukimaliza kuvuna, Yoshua atapiga magoti mu kanisa, atasema baba yake njo alikata ng'ombe, atuombe musamaha. Tutamurudishia shamba, tutakula pamoja." Simu ilikuwa imefunguliwa sauti, majirani wamejaa chumbani, nami nikajibu, "Sawa." Ndiyo sababu naandika. Barua hii nampa mwendesha pikipiki anayepanda huko, nikiomba ikufikie kabla mtoto yule hajafungua kinywa mbele ya watu.

Unajua jinsi shule yangu ilivyovamiwa. Hujui kilichonipata baadaye. Wale wenye bunduki walipoondoka, niliwatoa watoto chini ya madawati mmoja mmoja. Wengine walikuwa wamekatwa shingo wakiwa bado wameshika kalamu. Tuliwazika, nikarudi nyumbani, nikaanza kuwasikia. Walikuwa wakisoma kwa sauti moja, kama darasa la kwanza, nikiwa nakula, nikiwa nasali. Nikagundua kwamba nikinywa kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, wananyamaza. Nikanywa. Baada ya muda kanyanga haikuwanyamazisha tena. Iliwaleta wengi zaidi, na pamoja nao zikaja sauti za wanaume waliokuwa wakinicheka. Nikiacha kunywa, mwili mzima ulitetemeka na sauti zikapanda. Nikinywa, zilipanda vilevile. Nyinyi mlisema, "Direkta amekuwa mulevi." Nikaona afadhali niitwe mlevi kuliko kichaa.

Asubuhi ile kulikuwa na ukungu. Nilitoka kabla ya wachungaji kuja kukamua. Niliwaona ng'ombe wamelala malishoni, na sauti zikaniambia wale si ng'ombe, ni watu wenye bunduki, wamejificha wakingoja watoto wafike shuleni. Nikachukua panga. Niliwakata mishipa ya miguu ya nyuma ili wasiweze kutembea hadi shuleni. Bihogo alijaribu kusimama akaanguka juu ya ndama wake, na ndama akalia chini yake. Bado niliendelea. Damu yao ilikuwa moto katika ile baridi, ilitoa moshi. Nilikuwa nikiwaambia, "Leo hamutafika."

Esta aliponileta huku kwake, baada ya mambo yote yale, alinizungusha kila mahali. Waliokuwa wakisaidia walevi walisema, "Huyu anasikia sauti, muko mumekosea mulango." Waliokuwa wakitibu wagonjwa wa akili walisema, "Huyu anakunywa, aache kwanza, njo arudie." Mwisho nilipelekwa kwenye chumba cha maombi. Walinifunga mnyororo kwenye nguzo, wakaninyima chakula, wakanichapa kwa mkanda ili kilichomo kitoke. Waliponivunja jino nililia kama mtoto, nao wakashangilia kwamba pepo ameanza kulegea. Esta alikuja na shoka, akavunja kufuli la ule mnyororo mbele yao wote, akanibeba mgongoni. Mimi, baba yake.

Kisha tukasikia kwamba kituo cha afya cha hapa kina muuguzi anayewapokea watu wa namna yangu. Anaitwa Aline. Hapo hatulazwi. Unakuja, unakaa kwenye benchi la baraza, unaongea naye, unapewa dawa, unarudi nyumbani na mtu wako. Siku ya kwanza alininusa mdomo, akanitazama macho, akaniambia:

"Papa, kanyanga na sauti njo ndugu wawili mu nyumba moja. Tukimufukuza mumoja peke yake, mwenzake atamufungulia mulango. Tutawashika wote wawili."

Hakuniambia niache siku ileile. Alisema mlevi wa muda mrefu akikata ghafla anaweza kufa kwa kutetemeka. Alinipunguzia kidogo kidogo, akanipa dawa ya kutuliza mwili, nami nikaenda kila siku mpaka mitetemeko ilipokwisha. Kisha tukangoja kuona sauti zipi zingeondoka na pombe na zipi zingebaki. Wale wanaume wa kucheka waliondoka. Watoto walibaki, na kwa ajili yao akanipa vidonge vingine. Esta huvifunga kwenye ncha ya kitenge chake na kunipa kwa mkono wake. Nilirudia kunywa si mara moja. Nilirudi benchi nikiwa na aibu, naye Aline akaniuliza tu, "Ilianza je?" Tukaanza upya.

Benchi lile, mdogo wangu, si mahali pa amani. Kuna kijana tunayemwita Komanda, alitoka msituni akiwa na bangi kichwani na kanyanga tumboni. Siku moja alikuja amelewa, akamwona mlinzi wa lango, akadhani ni adui wake. Alichomoa mguu wa meza akampiga kichwani mpaka ngozi ikafunguka nikaona weupe wa mfupa. Aline alipomshika mkono, alimpasua mdomo kwa kiwiko. Tulimwangusha sisi wagonjwa, mimi nikamkalia miguu. Wiki iliyofuata alisimama nje ya lango, haingii. Watu wakapiga kelele: "Afukuzwe! Huyu si mutu, ni nyama ya pori!"

Aline, mdomo ungali umeshonwa, akamwita, "Komanda, ingia. Uko unachelewa."

"Mama, mi nilikupiga."

"Najua, mudomo njo wangu. Ingia uombe mulinzi musamaha, kisha ukae hapa karibu na Papa Direkta."

Alimwomba mlinzi msamaha, akaja akakaa. Alinitazama magoti, akasema polepole, "Direkta, siku ile ulinikalia, uko muzito kama ng'ombe." Benchi zima likacheka. Mimi sikuweza kucheka. Siku hiyo nilimweleza Aline habari za ng'ombe, mara ya kwanza katika maisha yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono, akasema, "Papa, ile asubuhi haikukuwa weye. Ilikuwa ugonjwa."

Neno lile lilinilisha, Simeoni. Nililala nalo, nikaamka nalo. Lakini nilimwambia habari za ng'ombe peke yake. Sikumtajia Matayo.

Matayo mnajua alivyokufa, lakini niruhusu niandike nilichokiona kutoka mlangoni kwangu, maana hakuna aliyewahi kukisema. Alipigwa jiwe la kwanza mdomoni, kwa hiyo hakuweza tena kujieleza. Wakamburuta mpaka walipolala ng'ombe. Wakamkata nyuma ya miguu, palepale walipokatwa wao, wakimwambia, "Sasa weye pia tembea." Alitambaa kwa viwiko kuelekea shamba lake la maharage. Mwanao mkubwa akammaliza kwa jembe. Halafu nyumba yake ikachomwa, na mke wake akapita mbele ya mlango wangu akimvuta Yoshua kwa mkono, nywele zake zikitoa moshi. Alinitazama. Nilirudi ndani nikafunga mlango.

Aline ananiambia kwamba sina muda mrefu. Ini limekwisha. Sioni tena wala sisikii kitu ambacho hakipo, na nimekaa bila tone la kanyanga tangu mvua zilizopita, kwa hiyo usimruhusu mtu aseme kwamba mzee ameandika haya akiwa amechanganyikiwa. Esta atatia alama yake chini ya karatasi.

Ninachokuomba ni hiki. Barua hii isomwe kanisani, siku ileile mliyoipanga, mbele ya watu walewale. Yoshua asipige magoti. Apewe shamba la baba yake, na sehemu yangu ya malisho, yote hadi kijitoni, iwe yake pia. Mwanao aliyeshika jembe aambiwe ukweli na wewe mwenyewe, asiusikie kwa jirani. Najua nakubebesha mzigo ambao ningepaswa kuubeba nilipokuwa na miguu.

Salamu naziweka hapa, kwa sababu nikishaandika yaliyobaki huenda hakuna atakayetaka kusalimiwa nami. Msalimie mke wako, aliyenitunza nilipokuwa nachafua kitanda. Msalimie shangazi yetu kule Burungu, mwambie kwamba kikombe chake cha maziwa ya mgando nakikumbuka kuliko vyakula vyote. Huku Walikale maziwa ni ya unga. Msalimie mchungaji wa kanisa letu. Wasalimie wajukuu wako, hata wasionijua.

Sasa Simeoni, lililobaki.

Matayo alinikuta kwa ng'ombe asubuhi ile, alipokuwa akienda kupalilia. Hakupiga kelele. Alinitoa panga mkononi, akanishika bega, akanipeleka kijitoni. Alininawisha mikono na miguu, akanivua shati lenye damu, akanivika koti lake. Akaniambia, "Direkta, enda ulale. Mi naenda kwa Simeoni, nitamuelezea polepole. Weye uko mugonjwa, tutakupeleka ku hospitali." Akaliosha panga langu akaondoka nalo kukuletea. Wachungaji walikutana naye njiani akiwa nalo, likingali na maji.

Mlipomleta mlangoni kwangu, alikuwa amewaambia jambo moja tu: "Muulize Direkta." Ulidhani ni ujeuri. Alikuwa akinipa nafasi niseme mwenyewe. Nilikuwa nimelala usingizi mzito, nikaamka kichwa kikiwa kimetulia, hakuna sauti hata moja, na nilikumbuka kila kitu. Koti lake lilikuwa bado mwilini mwangu. Ukaniuliza, "Kaka, ni nani?" Matayo akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayemtia moyo mtoto asome.

Sikuwa nimelewa, Simeoni, wala sikuwa mgonjwa saa ile. Niliwaonea haya watu waliokuwa wamesimama nyuma yako. Nikamnyooshea kidole, nikasema, "Njo yeye. Nilimuona."

Ezekieli