Baba, Ninarudi Kufanya Kazi Nyakatuntu

Mtwara,
Jumapili mchana

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Na Mama shikamoo, najua amekaa hapo pembeni anasubiri umsomee. Mnaendeleaje huko Chonyonyo? Goti lako limepata nafuu, au bado linakusumbua ukishuka bondeni? Na ule mnyauko ulioingia kwenye kibanja cha jirani haujavuka kuja kwenye migomba yetu? Kaka Deo aliniambia mmeanza kuchuma kahawa, nikatamani ningekuwepo hata siku moja, nichume huku Mama akinipa habari za majirani wote. Mimi ni mzima kabisa. Joto la huku nimeshalizoea. Kilichonishinda ni ndizi zao tu, ukizipika hazikubali kulainika zikawa bitoke hata uzibembeleze vipi.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu ya kwenu inakatika kila mnaposogea upande wa jikoni, na mambo haya siwezi kuyasema vipande vipande. Barua anakuja nayo mwalimu mmoja wa Ihembe anayefundisha huku, anakwenda likizo. Amebeba na mfuko na kopo la korosho. Zilizo kwenye mfuko ni za wote. Zilizo kwenye kopo ni za Mama peke yake, na Kaka Deo asiguse.

Nilitaka nisimulie kwa utaratibu, nianze mwanzo nifike mwisho, lakini nimeshindwa kuvumilia. Baba, nimefaulu! Shahada ya pili nimeipata. Na si hiyo tu. Kile kiwanda kipya cha kukoboa kahawa kinachojengwa Kyerwa, upande wa Nyakatuntu, wamenichukua niwe meneja wa rasilimali watu. Mimi, Editha wako! Walipopiga simu nilikuwa kwenye korido ya ofisi. Nikajibu kwa adabu zote, "Asante sana, nimepokea," nikakata simu, kisha nikapiga kelele mpaka mhasibu akatoka mbio akidhani nimeona nyoka.

Sasa nirudi nyuma. Unakumbuka Baba mdogo aliponitafutia ile nafasi ya ukarani pale Kayanga, ukataka nije niwe karibu nanyi. Nikakataa, nikasema nimeanza kusoma. Hukunigombeza. Ulisema tu, "Haya." Baba, hiyo "haya" yako niliibeba muda mrefu kuliko ambavyo ningebeba matusi. Mama naye akauliza kama hiyo saikolojia ya viwandani ndiyo ya kutibu vichaa. Nilicheka, sikumjibu vizuri. Leo namjibu.

Mama, si ya kutibu vichaa. Ni elimu ya kuchunguza kwa nini watu wanafanya kazi vizuri mahali pamoja, na mahali pengine wanachoka, wanagombana au wanaondoka. Unamchaguaje mtu anayeiweza kazi, unamfundishaje, unamwongozaje bila kumvunja moyo. Nilikuwa nimekaa miaka katika ofisi ya utumishi ya kiwanda hiki cha korosho nikiandaa mikataba na likizo, nikiandika majina ya wanaoingia na kufuta ya wanaotoka, bila kujua kwa nini wanatoka. Ndiyo maana nilitaka kusoma. Na pia, nisiwafiche, nilitaka kupanda. Kila nafasi ya juu ilipotangazwa waliniambia nakosa elimu.

Kusoma huku unafanya kazi si mchezo. Nikitoka kiwandani jioni nakwenda moja kwa moja darasani, nikiwa bado nanukia korosho. Somo la takwimu lilinitoa machozi. Lakini mwaka wa pili tulipotakiwa kila mmoja afanye utafiti wake mahali halisi pa kazi, nikajua pangu ni wapi.

Hapa kiwandani kuna chumba kikubwa wanakomenya korosho. Mashine inavunja ganda gumu, halafu akina mama na wasichana wanakaa kwenye meza ndefu, kila mmoja na kisu kidogo na sinia lake, wanatoa lile ganda jembamba la ndani. Korosho ikivunjika thamani inashuka. Wafanyakazi wapya walikuwa hawakai. Tunawaajiri, mwezi haujaisha wameondoka. Wakubwa walisema ni uvivu wa vijana wa siku hizi. Nikaomba ruhusa nizungumze nao, waliopo na walioacha, hao wengine nikawafuata majumbani kwao.

Nilidhani watalalamikia mshahara au joto. Waliyataja, ndiyo. Lakini karibu kila mmoja alinisimulia habari ya sinia. Msimamizi wa chumba kile, mama mmoja anaitwa Bi Zuhura, alikuwa na desturi moja. Akikuta korosho nyingi zimevunjika anachukua sinia lako, anakwenda nalo mbele, analimwaga kwenye meza ya katikati watu wote waone. Anayejua kazi anavumilia. Mgeni anatamani ardhi ipasuke. Msichana mmoja aliyeacha aliniambia, "Dada, nilikuwa sijui hata namna ya kushika kisu, na nikaogopa kuuliza. Nikiuliza si nitajitangaza?"

Basi nikaandaa mpango. Kwa majaribio, katika meza moja tu, masinia yasimwagwe. Kosa lielezwe kwa sauti ya chini mtu akiwa kwenye kiti chake. Na kila mgeni akae na mwenzake mzoefu wa kumwelekeza. Meneja wa uzalishaji aliukubali huku amekunja uso. Akasema, "Editha, nakupa hii meza. Ikiniharibia kazi, utafiti wako unaishia hapo."

Ikaharibika, Baba. Siku za kwanza korosho zilizovunjika ziliongezeka. Wazoefu walikuwa wanawaachia wageni wahangaike, na Bi Zuhura alisimama mlangoni amefunga mikono. Meneja akaniita akanionyesha ndoo iliyojaa vipande. "Hadi Ijumaa," akasema, "ikiwa hivi hivi, masinia yarudi mbele." Utafiti ukifa, shahada inakufa, na mimi nabaki yule aliyekataa kazi ya Kayanga kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwa.

Nikakaa nikafikiri nilipokosea. Nilikuwa nimemuuliza kila mtu katika chumba kile isipokuwa mmoja. Wakati wa chai nikamfuata Bi Zuhura. Alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya stoo, peke yake.

"Umekuja kunifukuza?" akaniuliza kabla sijakaa.

"Hapana, Bi Zuhura. Nimekuja kukuuliza. Wewe sikukuuliza."

"Nimeliona hilo. Umeuliza hadi waliokwisha kuondoka, mimi niliyepo ukanipita."

"Unisamehe. Wewe kazi hii nani alikufundisha?"

Akatazama kikombe chake. "Hakuna. Nilipewa kisu nikaonyeshwa kiti. Siku ya kwanza sinia langu lilimwagwa. Nikaenda kulia chooni, nikanawa uso, nikarudi, maana nyumbani nilikuwa na mtoto mchanga. Nikajua kumbe ndivyo watu wanavyofundishwa." Akazungusha chai kikombeni. "Mtoto mwenyewe sasa ni mkubwa. Nimemkataza asije kufanya kazi hapa."

Nikamuuliza, "Basi ungekuwa wewe ndiye unampokea, ungempokeaje?" Akanywa chai yake, akaondoka.

Kesho yake nilipoingia chumbani nilimkuta amevuta kigoda, amekaa ubavuni mwa msichana mgeni anaitwa Asumini. Amechukua kisu chake. "Usiifinye," alikuwa anamwambia, "ishike kama yai la njiwa. Kisu kianzie hapa kwenye kibonyeo, halafu ugeuze mkono, usiivute. Haya, sasa wewe." Asumini akamenya moja, ikatoka nzima. Bi Zuhura akaichukua, akaitazama kwenye mwanga, akairudisha kwenye sinia. "Nyingine." Wazoefu walipoona msimamizi mwenyewe ameketi na mgeni, nao wakageukia waliokaa karibu nao. Mimi nilisimama pale mlangoni na makaratasi yangu, Baba, nikajifanya natafuta kalamu ili wasione machozi.

Ijumaa ndoo ya vipande ilikuwa imepungua. Wiki zilizofuata ikapungua zaidi, na hakuna mgeni hata mmoja wa meza ile aliyeondoka. Meneja hakunisifu. Alisema, "Weka na zile meza nyingine," nami nikachukua hiyo kuwa sifa kubwa kabisa. Bi Zuhura ndiye aliyekwenda kuwafundisha wasimamizi wenzake. Mimi nilibeba chai tu.

Siku ya kuutetea utafiti chuoni nilifika kabla mlango haujafunguliwa. Profesa mmoja mwenye miwani alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Udhaifu mkubwa wa utafiti wako ni upi?" Nikasema ni kwamba nilitaka kubadilisha kazi ya msimamizi bila kumshirikisha msimamizi. Akaweka kalamu chini. "Wengi huku hunitajia uchache wa muda," akasema. Wakanitoa nje, wakaniita tena ndani, wakanipa mkono.

Tangazo la kiwanda cha Kyerwa nililiona kwenye mtandao wiki hiyo hiyo. Sikuwaambia kwa sababu niliogopa kuwapa matumaini hewa. Usaili ulikuwa kwa njia ya mtandao, mimi nimevaa koti safi juu na kanga chini ya meza, namwomba Mungu nisiambiwe nisimame. Waliuliza mengi, nikajibu. Mwishoni mama mmoja, mwenyekiti wao, akaniuliza kwa upole ule wa huko kwetu unaoficha mwiba, "Editha, wewe ni mwenyeji. Ndugu zako watakuja kuomba kazi. Utafanyaje?"

Nikasema, "Wataomba kama wengine, na siku yao ya usaili mimi nitatoka chumbani."

"Na baba yako akija na mtu wake?"

"Hata baba yangu mwenyewe akitaka kazi, atasailiwa."

Wakacheka wote. Nami nikacheka, lakini nilikuwa nimesema kweli, na ndiyo sehemu ya barua hii inayonitia hofu.

Baba, habari hii ikifika Nyakatuntu, Baba mdogo atafurahi kuliko wote. Kesho yake atakuja Chonyonyo na mwanawe Projestus. Najua. Na ana haki ya kutumaini, kwa sababu mimi ni mtoto wake, na ile nafasi ya Kayanga aliihangaikia kwa moyo safi. Projestus ni mchapakazi na amesomea umeme. Aombe! Nitafurahi akiomba. Lakini sitampigia mtu simu kwa ajili yake, na nikianza na yeye, kijana wa jirani asiye na dada ofisini atajua siku ya kwanza kwamba pale hakuna mlango wake. Watu wa namna hiyo ndio huondoka, au wanabaki wakiwa wamekata tamaa, na kiwanda kinaoza kabla hakijazeeka.

Nimeshafikiria la kufanya. Kabla ya matangazo ya kazi kutoka, nitaomba ukumbi wa kata, niwakusanye vijana wote wanaotaka, niwafundishe kuandika barua ya maombi na kujibu maswali ya usaili. Projestus akae mstari wa mbele akipenda. Hilo naweza kumpa, kwa sababu nawapa wote.

Nakuomba jambo moja, Baba, nalo ni kubwa. Umwambie wewe. Si kwa simu. Nenda Nyakatuntu, mkae zizini kwake mnywe maziwa, mtazame ng'ombe, ndipo umweleze taratibu. Wewe ni kaka yake, kwako atasikia. Mimi nikimwambia atasema nimepata cheo nikawasahau. Mwambie pia sitakaa kwake, nitapanga chumba karibu na kiwanda, ila Jumapili baada ya ibada chakula changu ni pale pale nyumbani kwake na hanitoi hata akitaka. Kama huoni njia ya kumwambia, niandikie nijue mapema. Lakini moyo wangu unaniambia utaiona.

Nakabidhi ofisi hapa mwisho wa mwezi. Bi Zuhura ameninunulia kitenge na amenionya nisiwe na haraka na watu wa huko. Nilidhani atanikatalia, kumbe ameniruhusu kwenda!

Nisalimie Kaka Deo na wifi yangu wa Ihembe, na watoto wao ambao najua wameshanizidi kimo. Msalimie Bibi, umwambie kwa sauti kubwa upande wa sikio lake zuri. Msalimie mchungaji wetu na akina mama wa kwaya, waanze kunitafutia nafasi sauti ya pili. Mama nambusu mikono yote miwili.

Na wewe Baba, usije ukaogopa kufika kiwandani kwa sababu ya hayo niliyosema. Ukija kuomba kazi, njoo na vyeti, upange foleni. Lakini ukija kunitazama mwanao tu, hakuna usaili. Mwambie mlinzi wewe ni baba yake Editha, halafu uingie.

Mwanao anayekupenda,

Editha