Mabati ya Hadhuma

Garsen, kambini, 3 Juni 2024

Kwako mwanangu Buya,

Hujambo, baba? Mimi sijambo, ila kifua kinanikereketa kwa kulala chini ya turubai. Wajukuu wazima. Maji ya mafuriko yameshuka, shamba limebaki tope jeusi, zito. Umekulia hapa, unajua: lisipopandwa lingali bichi, linageuka tofali. Kwenye ule msaada wa pesa nilitoa namba yako, maana simu yangu ilienda na mto. Ukiingia, ninunulie mbegu za pojo na mahindi, umpe dereva wa lori la maembe. Usichelewe.

Mamako, Hadhuma

Malindi, 10 Juni

Shikamoo mama,

Natumaini kifua kimepoa. Pesa imeingia, nami nimekununulia mabati. Nalalaje mimi, nawe unanyeshewa? Mbegu tutatafuta baadaye. Nawajua watu wa kambini, kwa hiyo kila bati nimeliandika HADHUMA kwa rangi nyekundu, mtu asije akajisahau. Na huo mto uachane nao, umetuonea vya kutosha.

Mwanao, Buya

Garsen, 15 Juni

Buya baba,

Salamu nyingi. Mabati nimeyapata, mazuri. Nimempa Komora wa dukani, naye kanipa mbegu. Bati haliliwi. Tumeshapanda, mimi na wajukuu, tope hadi magotini. Najua utanuna. Nuna, ila ule.

Mamako

Garsen, 9 Agosti

Mwanangu,

Dereva ananiambia u mzima, nashukuru. Pojo zimechanua. Komora ameezekea choo cha dukani kwa yale mabati, kwa hiyo kila mwenye haja anasoma jina langu kwanza. Wanawake wananiuliza, “Hadhuma, tuingie?” Nawaambia karibuni, jisikieni nyumbani. Nimekukumbuka sana, baba. Andika hata matusi.

Mamako

Malindi, 22 Septemba

Shikamoo mama,

Nisamehe kwa kimya. Niliona umenidharau. Jana dereva kanishushia mfuko wako wa pojo. Nimezipika kwa nazi, nikala huku nalia, jirani akadhani nimefiwa. Lakini vuli inakuja na wewe bado uko kwenye turubai. Kifua kikoje? Niambie kweli, usinifiche.

Buya wako

Garsen, 20 Oktoba

Buya baba,

Hujambo? Kweli ni hii: kifua kilinisumbua, mwezi mzima. Sikutaka uone ulikuwa na haki, na ulikuwa nayo. Basi nimeuza pojo, nikamwendea Komora, nikamwambia ang'oe. Akasema, “Mama, choo kitabaki wazi.” Nikamwambia paa lina mwenyewe, akasome. Amechukua pesa yake huku anacheka.

Nyumba imesimama huku juu, mto usikofika, shamba liko kule chini, na miguu ninayo. Juzi ilinyesha hadi asubuhi. Nilisikiliza kidogo, nikalala.

Mahindi yamekauka, yanataka mikono. Njoo. Nyumba usimuulize mtu, imeandikwa.

Mamako, Hadhuma