Kitambaa cha Debora kimebanduka

Asnath usinipigie, mdogo wangu Debora kajilaza hapa kwenye kochi na viatu vyake vya saiti miguuni. Soma tu.

Unalijua lile ghorofa la zamani la Mzee Mayunga, nguzo za zege na kuta za matofali katikati? Lilipopasuliwa na tetemeko, kazi ya kuliimarisha alipewa Debora. Nguzo zinazungushiwa vitambaa vya nyuzi kwa gundi kali, vikikauka vinakuwa vigumu ajabu.

Leo mchana mzee kaja kuangalia, maana wapangaji wanarudi Jumatatu. Debora akagonga nguzo moja ya chini. Ikalia kama debe tupu. Debe tupu, Asnath!

Akavuta ukingo wa kitambaa. Kikabanduka chote pamoja na plasta. Mafundi walibandika juu ya plasta ya zamani, hawakukwangua mpaka kwenye zege.

Mzee akamwuliza taratibu, "Mwanangu, si wewe uliyesaini wiki iliyopita kwamba kazi hii iko sawa?"

Angeweza kuwatupia mafundi lawama zote. Siku wanabandika alikuwa msibani Kasense. Lakini aliporudi alisaini bila kugonga hata nguzo moja, na anajua.

Akasema, "Ni mimi, mzee. Nilisaini bila kukagua. Mtu asirudi humu."

Yaani kasema hivyo hivyo, mbele ya mafundi wake!

Mzee akatoa funguo za jengo, akamwekea mkononi. "Utanirudishia siku utakayokuwa na uhakika."

Debora hajala. Kaniomba nimwamshe saa kumi na mbili asubuhi, akakwangue.