Mama wa Kambo wa Kwenye Kitabu

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, baba watoto wako na wanangu wote watatu. Mguu wako vipi? Mara ya mwisho uliniambia unavimba ukisimama sana jikoni. Usiuchezee. Kaa chini, waache hao wakubwa wakupikie, mwiko hauna meno. Sisi huku afya tunayo, tunashukuru, cherehani inazunguka na wateja wanakuja. Lakini ni mwili tu ulio mzima, dada. Roho inachemka, na nimeona nisipokuandikia nitamchoma mtu pini nikiwa nampima kiuno.

Nina hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Wiki hii nimeshonea mkono wa kushoto upande wa kulia mara mbili, mimi niliyeshika mkasi miaka kumi na tisa. Mteja mmoja amegeuka mbele ya kioo, akaniuliza kama huo ndio mtindo mpya. Nikamwambia ndiyo. Sikuwa na nguvu za kueleza.

Unakikumbuka kile kitabu cha watoto cha msichana na taa? Usiniambie umekisahau, maana wewe ndiye uliyenisomea kabla sijajua kusoma, na ulikuwa unaruka kurasa ukichoka. Mama alikisoma, sisi tukakisoma, na sasa darasa la Chiriku wanakisoma kwa ajili ya mtihani. Msichana anafiwa na mama yake, anaachiwa taa ya mafuta. Baba anaoa tena. Mama wa kambo anaificha taa ghalani chini ya magunia. Msichana anahangaika kitabu kizima, mwishoni anaipata, baba anamfukuza yule mke, na nyumba inajaa mwanga. Tulishangilia, dada. Tulipiga makofi yule mwanamke alipotoka mlangoni na furushi lake.

Basi siku hizi watoto hawakisomi tu, wanakichambua. Wahusika, migogoro, ishara, kila kitu kina kisanduku chake. Kipo kijitabu cha mwongozo ambacho mwalimu wao wa fasihi anakishika kama msahafu, hata wanafunzi wamemwita Bwana Mwongozo. Ukiandika kilichomo humo unapata alama. Ukiandika ulichokiwaza mwenyewe unapata wino mwekundu.

Chiriku unamjua, binti ambaye mume wangu alizaa na marehemu mke wake. Jina hilo tulimpa kwa utani kwa sababu siku nzima hatoi maneno kumi. Nilimkuta ana miaka tisa, sasa ana kumi na tatu. Jumatatu iliyopita alirudi shuleni, akavua viatu, akaniwekea kikaratasi juu ya meza ya kukatia nguo, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Nikasoma. Amepata sufuri katika swali la wahusika. Mwanafunzi ameandika mambo ya kubuni nje ya kitabu. Mzazi afike.

Nikamwita, nikamuuliza ameandika nini. Akasema ameandika kwamba mama wa kambo wa kwenye kitabu si mbaya. Nikamwambia rudia. Akarudia, akitazama vidole vya miguu yake. Dada, nilikaa. Miaka minne mtoto huyu ananiita mama kwa sauti ya kuazima, sijui kama ananipenda au ananivumilia, na leo ananiambia amepata sufuri kwa kumtetea mama wa kambo!

Nikaufungua ule mwongozo kwenye mkoba wake. “Mama wa kambo: mhusika mwovu. Sifa zake: mkatili, mnafiki, mwenye wivu. Anaashiria giza.” Giza! Mimi niliyekesha naye wiki nzima alipougua tetekuwanga, nikimpaka dawa kwa kijiti cha pamba, nukta kwa nukta. Mimi ninayemsuka kila Jumapili, na kichwa chake unakijua, kinauma kabla hujakigusa. Watoto arobaini wanakaririshwa kwamba mwanamke yeyote aliyeingia nyumba iliyofiwa ni giza, na humo darasani si Chiriku peke yake anayelelewa na mwanamke kama mimi.

Nikakisoma kitabu chenyewe upya, siku mbili, nimekiegemeza kwenye cherehani. Hasira ikazidi. Yule mama hana hata jina. Kurasa mia na hamsini anapewa sentensi moja tu ya kusema, nayo ni kumwambia msichana afunge mlango. Hakuna anayemuuliza alikotoka, wala amelala vipi usiku wa kwanza katika kitanda cha mwenzake. Nikamwambia mume wangu kesho tunakwenda shuleni. Akasema mwalimu ni mwalimu, tutamchongea mtoto. Nikamwambia asipokwenda nitakwenda peke yangu, na atasikia habari zangu kwa watu. Chiriku akanifuata chumbani, akanishika kanga. Akasema, “Mama, acha tu. Sufuri moja haiui mtu.” Nikamwambia mimi ndiye mama yake na sitaacha. Ningekuwa na masikio ningemsikiliza.

Tukaenda Alhamisi. Ofisi ya mwalimu mkuu ni chumba chembamba chenye makabati ya chuma na feni isiyozunguka. Mwalimu mkuu ni mama mtu mzima, mpole, anakunywa maji kila baada ya sentensi. Bwana Mwongozo alikuja na mafaili kwapani, kijana wa kunyoosha suruali mpaka mkunjo unakata. Alitusalimia vizuri, nisimsingizie. Kisha akaanza kueleza kwamba fasihi ina utaratibu wake, kwamba ishara si jambo la kila mtu kujisemea, kwamba taa ni upendo wa mama na anayeficha taa ni adui wa upendo, na mtahini hatamuuliza Chiriku anaonaje. Nikamuuliza yeye amelelewa na nani. Mume wangu akanikanyaga chini ya meza. Nikamkanyaga na mimi.

Nikasema sitoki mpaka nisikie alichoandika mwanangu. Mwalimu akasita. Akasema karatasi ina mambo ya nyumbani, pengine nisome mwenyewe, kimya. Dada, kijana yule alikuwa ananistahi, na mimi nilimwona mwoga. Nikagonga meza. Nikasema asome kwa sauti, mwalimu mkuu asikie, baba yake asikie, kila mtu ajue mtoto amepewa sufuri kwa kusema kweli.

Akasoma. Nitakuandikia kama yalivyo, maana yamegoma kunitoka:

“Mwongozo unasema mama wa kambo aliificha taa kwa sababu ana wivu. Mimi nadhani aliificha kwa sababu anaogopa. Mtu mwenye wivu angeivunja. Yeye aliifunga vizuri ili isivunjike. Namjua mama mmoja alitoa picha ya marehemu ukutani. Alidhani hakuna mtu nyumbani. Aliipangusa vumbi kwa upindo wa gauni lake, akaiambia nisamehe mwenzangu, akaifunga kwa kitambaa chake kizuri cha kitenge ambacho alikuwa hajakivaa. Halafu akalia. Mtu mbaya haombi radhi kwa picha. Kwa hiyo mgogoro wa kitabu hiki si kati ya wema na ubaya. Ni kati ya watu wanaoogopa na hawaambizani.”

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilikuwa nimeingia mpaka shingoni.

Unajua nilimwambia nini mume wangu kuhusu picha ile. Nilikuambia na wewe hivyohivyo. Kwamba msimu wa mvua paa lilivuja, maji yakaingia kwenye fremu, sura ikafutika, nikaitupa kwa huruma ili mtoto asiione imeharibika. Uongo, dada. Paa lilivuja kweli, lakini upande wa jikoni. Nikaisogeza ile mvua kwa mdomo wangu mpaka ikafika ukutani.

Sitajitetea, ila nitakueleza ilivyokuwa. Picha ilitundikwa juu ya cherehani yangu. Kila mteja niliyempima aliinua macho akasema, marehemu alikuwa mzuri jamani. Mmoja aliniuliza kama mwenye nyumba yupo, nikasema ndiye mimi, akaitazama picha tena kama anaiuliza. Na mume wangu akitoka asubuhi aliigusa fremu kwa kidole, kila siku, halafu ndipo ananiaga mimi. Kidole kimoja tu, dada. Nilikuwa nakisubiri kidole kile kila asubuhi, kinanikata kuliko mkasi.

Ile bahasha kubwa niliyokupa ulipokuja kututembelea, nikakuambia ni karatasi zangu za mitindo, usiifungue zisichanganyike, uiweke juu ya kabati lako, ndiyo hiyo. Ndani kuna picha yake, imefungwa kwa kitenge. Nimekufanya ghala, dada yangu, bila kukuambia. Unisamehe. Usinikasirikie kabla sijamaliza kujikasirikia mwenyewe, tutakosa nafasi.

Turudi pale ofisini. Mwalimu mkuu alikunywa maji. Mume wangu hakunitazama usoni, alitazama mikono yangu, akiitazama sana, kama mtu anayehesabu vidole. Kisha akainuka, akawashukuru walimu, akatoka. Na mimi, sijui ni ukaidi gani, nikabaki nimesimama, nikamuuliza Bwana Mwongozo kama bado ni sufuri. Akasema anasikitika, mtoto ana akili, lakini ndiyo, bado ni sufuri, kwa sababu mtihani wa mwisho hasahihishi yeye. Nikamwambia basi mtihani wenu ni mjinga. Mwalimu mkuu akasema mama, tafadhali. Nikaondoka. Hasira hiyo sijaitua mpaka leo na sitaitua. Kosa langu ni langu, lakini jibu la mtoto ni jibu, na kama hao wenye mwongozo hawaoni, waazime macho.

Nilitembea peke yangu. Mume wangu alikuwa mbele, umbali wa nyumba tano, hakugeuka. Nyumbani alikaa uani. Nikamfuata, nikamwambia kwa mdomo wangu, yote, na habari za mvua, na za kidole. Hilo la kidole lilimshtua. Alisema hakujua kama anafanya hivyo. Halafu akaniuliza jambo moja tu, kama picha iko salama. Nikamwambia iko kwako wewe, dada. Akasema, “Mwandikie dada yako.” Tangu hapo tunaongea ya chumvi na ya maji ya kuoga. Sijui yataishaje. Hajaniambia nibaki wala hajaniambia niondoke, na mimi siulizi.

Jioni ileile nilimkuta Chiriku anakunja nguo zangu za wateja, kazi ambayo sijamtuma. Nikakaa karibu yake. Nikamuuliza ameishi na jambo hili tangu lini. Akasema tangu siku ileile, walitolewa shuleni mapema, akasimama mlangoni, akaniona. Mwaka mzima na miezi, dada. Amekula nami, nimemsuka, ameniita mama, na anajua. Nikamuuliza mbona hakumwambia baba yake. Angepata picha ya mama yake siku hiyohiyo.

Alikunja sketi moja, akaikunjua, akaikunja tena. Akasema, “Kwenye kitabu, msichana alivyoipata taa, yule mama alifukuzwa. Mimi nilikuwa tayari nimeshafiwa na mmoja.”

Nililia mbele yake bila haya. Hakunikumbatia, si mtoto wa hivyo. Alininyooshea kipande cha kitambaa cha mteja nifute pua, na mimi nikakifutia, na kesho yake nikakata kingine.

Basi ombi langu ni hili. Usiitume kwa mtu wala usiipakie kwenye gari la mizigo. Kama mguu unakuruhusu, uilete mwenyewe, na kama haukuruhusu niambie, nitaifuata. Kitenge usikifungue, nataka akifungue Chiriku. Nimeshamwambia picha inarudi palepale juu ya cherehani. Wateja waseme watakavyosema, nitawapima na midomo yao.

Msalimie baba watoto wako, mwambie koti lake liko tayari, nimekosea tundu moja la kifungo tu. Wabusu wanangu. Yule wa mwisho mwambie mama mdogo anauliza kama jino limeota. Jirani yako wa mlango wa pili naye nisalimie, ila haya niliyokuandikia yaishie kwako. Na ukikaa kunijibu, nigombeze vizuri kwenye ukurasa wa kwanza, halafu kwenye wa pili uniambie unakuja lini.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Fundi