Dawa Niliyoificha Kwenye Debe la Ulezi

Kirua Vunjo, Agosti 1955

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba usinicheke, kwa maana jambo hili sijamwambia dada yangu wala mwenzangu yeyote wa kanisani, na hata barua hii naiandika wakati mume wangu, Baba Anaeli, amepeleka kahawa kwenye chama cha ushirika. Mimi nina miaka hamsini na mbili au zaidi kidogo, hedhi ilinikoma mwaka ule tulipoezeka nyumba kwa bati, sasa ni mwaka wa nne, wala sikuhuzunika, maana nilishazaa watoto sita nikaona inatosha. Lakini baada ya hapo nikawa mkavu huko chini, kunawasha, mkojo unachoma, na mume wangu akinijia naumia kama mtu aliyetiwa pilipili kwenye kidonda, nami nikawa nauma shuka nanyamaza, kwa sababu Baba Anaeli ni mtu mpole, hajawahi kuninyanyulia mkono, nikaona aibu kumwambia kwamba yeye ndiye anayeniumiza.

Nilijaribu samli ikasaidia siku hiyo tu, nikajifukiza majani niliyouziwa sokoni, nikajiosha kwa maji ya shabu, ikawa mbaya zaidi. Basi mwaka jana Ruth, mke wa kifungua mimba wetu, akajifungua mtoto wa kiume, na wewe unajua kwetu mkwe akishaanza kuzaa ni aibu mama mkwe naye aonekane na mimba, wazee wa zamani walikuwa wakitengana vitanda kabisa, nikaona hapo nimepata pa kutokea. Siku moja nikiwa nampikia Ruth mtori, ule mchuzi wa ndizi wa uzazi, nikamwita mume wangu pembeni nikamwambia, “Baba Anaeli, mkwe amezaa. Na sisi tulale mbalimbali kama baba zetu.” Akasema, “Kama ndivyo unavyotaka, Mama Anaeli, sitakuvunjia heshima.” Siku ile ile akahamishia kitanda chake kwenye chumba cha kahawa, na tangu hapo hajanigusa hata mkono, na nikimwandalia chakula ananishukuru kama mgeni.

Mshauri, nilidhani nitapumzika, kumbe namkosa, namkosa vibaya. Vumbi la kahawa linamkohoza na mimi namsikia kupitia ukutani.

Mwezi uliopita kuchoma kwa mkojo kulinizidi nikashuka hospitali Moshi, daktari akanipima kote mpaka ndani, akasema sina ugonjwa mbaya, ni ngozi ya ndani imekonda kwa ajili ya kukoma hedhi, akanipa tyubu ya dawa nyeupe na kimrija cha kuiingizia. Nesi akanifurahia akasema, “Mama, hii itakurudishia ujana huko.” Hapo ndipo nilipoogopa. Ujana ukirudi si hedhi nayo itarudi, halafu nipate mimba wakati Ruth ananyonyesha, tena baada ya maneno yale niliyomwambia mume wangu? Nimeificha kwenye debe la ulezi, sijaifungua. Je, niitumie au niitupe?

Mama Anaeli

*

Mama Anaeli,

Pole. Mhariri alitaka kuikata barua yako, nikamwambia wako wanawake wengi huko mlimani wanaouma shuka, iachwe kama ilivyo. Majina nimeyabadilisha, kwa hiyo watu wa Kirua wasijisumbue kukisia.

Nianze na dawa, maana hiyo ni rahisi. Itoe kwenye debe kabla mtu hajaipika pamoja na ulezi wa pombe ya mbege. Nesi alitaka kukuchangamsha akakutisha. Mwili wa mwanamke hujitengenezea kitu ambacho madaktari hukiita homoni, nacho ndicho kinachoifanya ngozi ya uke iwe nene na laini. Hedhi ikikoma, kitu hicho hupungua, ngozi hukonda na kukauka, na njia ya mkojo nayo huteseka. Ndicho ulichopewa kwenye tyubu, kidogo tu, kwa ajili ya mahali pale. Mayai yaliyokwisha hakiyarudishi, wala hakitakupa mimba.

Itumie kama daktari alivyokuagiza, hata siku ambazo humtarajii mtu. Si samli ya kupaka mgeni akishabisha hodi. Itachukua majuma kadhaa kabla hujaona nafuu, vumilia. Shabu na mafusho acha leo, umekuwa ukikausha kilichokauka. Usimgawie mtu dawa yako, Ruth anayenyonyesha ndiyo kabisa. Na ukiona damu, hata tone moja, usijidanganye kwamba ni ujana na usiifiche kwenye debe lingine. Rudi hospitali upesi ikachunguzwe.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo hukuniuliza. Mila ile ilihusu kuzaa, na wewe huzai tena tangu mwaka wa bati. Ulilijua hilo ulipokuwa unakoroga mtori. Hukuogopa mimba peke yake, mama. Uliogopa kwamba dawa ikikuponya utabaki huna kisingizio, na itakubidi umwambie mumeo ukweli. Hapa siwezi kukubembeleza. Ulimfungia mlango mtu mpole kwa jina la baba zake, na kwa kuwa ni mpole akatii. Unadhani ameridhika. Mimi nadhani anaamini umemchoka, na anakohoa huko peke yake kwa ajili ya heshima yako.

Kwa hiyo usingoje upone ndipo useme. Akirudi kutoka chamani mpe uji, mketi mahali ambapo Ruth hasikii, umwambie hivi: “Nilikuwa naumia, nikaona aibu.” Usiongeze hadithi nyingine. Mwonyeshe tyubu, mweleze kwamba daktari amekupima, na kwamba kwa majuma haya mtalala tu kama ndugu mpaka wewe mwenyewe useme uko tayari. Mtu aliyeweza kukaa mwaka mzima bila kuuliza hatashindwa na majuma.

Na kitanda kirudi wiki hii hii. Daktari alikuandikia dawa ya tyubu, hakuandika mahali popote kwamba Baba Anaeli alale na magunia.

Bibi Salvina